Nahau za Kiingereza Zinataka Watu wa Kuzungumza Nao

Msomaji mmoja ameniandikia akiniomba nimtajie kitabu cha nahau za Kiingereza, kwa sababu taarifa ya habari huifuata bila taabu, lakini wenzake kazini wakianza kupiga soga huambulia patupu. Sitamtajia. Vitabu hivyo viko tele, na baadhi yake vingali vinahimiza "it's raining cats and dogs", yaani mvua inanyesha sana, msemo ambao wenye lugha yao hawautumii sana siku hizi.

Mimi nilisaidiwa na kundi la mazungumzo. Nilijiunga nalo kwa hasira, baada ya mwalimu mmoja kutangaza mbele ya darasa kwamba Kiingereza changu ni cha mtihani tu, maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka moyoni. Tulikuwa wachache, na utaratibu wetu ulikuwa huu: kila mtu aje na nahau moja aliyoificha, aipenyeze katika mazungumzo pasipo kuitangaza, na atakayeidaka aitumie katika kisa chake mwenyewe kabla hatujaagana. Kueleza maana kulikuwa mwiko mpaka watu wakisie kwanza.

Katika kundi utatambua upesi kwamba maana peke yake haitoshi. Jioni moja mwenzetu, akimpa pole dada aliyefiwa na babu yake, alisema kwamba mzee "kicked the bucket", na wote tukanyamaza. Kamusi haikuwa imemdanganya, kwani msemo huo humaanisha kufa. Lakini ni wa mzaha, sawa na kumwendea mfiwa ukamwambia kwamba mzee wake amekata kamba. Hakuna aliyehitaji kuliandika hilo daftarini. Naye aliyetaka kusema kwamba mtu ametoboa siri, akasema "pour the beans" badala ya "spill the beans", alieleweka, ila tulicheka, kwa kuwa nahau haikubali kubadilishwa neno: mtu amekula chumvi nyingi, wala hakuna asemaye amekula sukari nyingi.

Matunda yake niliyaona juzi mkutanoni. Mmarekani alisema "let's table this", na Mwingereza akafungua karatasi zake tayari kwa mjadala, kwani kwake kauli hiyo ni kuileta hoja mezani, ilhali kwa Mmarekani ni kuiahirisha. Aliyewapatanisha ni mimi, mwenye Kiingereza cha mtihani. Nilitamani mwalimu yule awepo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, acha kujifungia chumbani na orodha. Tafuta watu wawili watatu wasioogopa kuchekwa, na wewe uwe wa kwanza kuchekwa. Zungumza, tena zungumza kabla hujajiona uko tayari, maana anayengoja kuwa tayari atawasikiliza wenzake maisha yake yote. Wako watakaojitetea kwamba hawana mzungumzaji hodari wa kuwaongoza. Sisi pia hatukuwa naye. Tulichukua mahojiano yaliyorekodiwa, tukasikiliza dakika chache kwa pamoja, na kila tulipofika kwenye sentensi ambayo maneno yake yote tunayajua lakini haileti maana, tulisimamisha, kwani mara nyingi nahau hujificha hapo. Kisha kila mmoja alikisia kwa sauti, na kamusi ikafunguliwa mwisho.