Kabla hujasema "ni uongo": maswali na majibu

Swali: Niliulizwa Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina kwenye safina. Nikajibu wawili wawili, nikachekwa. Imekuwaje, nami najua ni Nuhu?

Jibu: Usione haya. Mwaka 1981 watafiti Erickson na Mattson waliwauliza watu swali hilohilo, na wengi waliokijua vizuri kisa cha Nuhu walijibu "wawili". Ukisikia safina, kichwani inakuja picha nzima ya gharika, na Musa, naye nabii wa kale, anaenea humo. Lingetajwa jina la rais wa juzi, ungeshtuka papo hapo.

Swali: Mama yangu anashikilia kuwa malaria inaletwa na mvua. Nimwambieje kwamba si kweli?

Jibu: Usianze na "si kweli", maana ameona sawasawa: masika yakinyesha, wiki chache baadaye homa zinapanda. Hata madaktari wa zamani Ulaya walilaumu hewa mbaya ya mabwawa, mpaka daktari Mwingereza Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Nao walikuwa wameona vizuri. Kiungo cha kati ndicho walichokikosa.

Kichwani mwa mama, baridi inaingia mwilini na kuzaa homa. Ndiyo maana atamvika mjukuu sweta mchana, kisha usiku amlaze bila chandarua. Kichwani mwako, mvua inaacha madimbwi, mbu jike wa anofelesi anataga humo, na baada ya wiki moja au mbili mbu wapya wanaruka. Ukiumwa na mbu mwenye vimelea, homa huja kwa kawaida siku 10 hadi 15 baadaye. Nyote wawili mnaweza kusema "malaria inaletwa na mvua", ila picha ni mbili, na picha ndiyo inayoamua mtoto alale wapi. Mpeleke dimbwini, mwonyeshe viluwiluwi vya mbu, umsimulie safari yote hadi kitandani. Usimnyang'anye mvua yake, mwongezee mbu.

Swali: Babu hakusoma. Nikimpa fumbo la mantiki, anakataa kujibu. Hawezi kufikiri hivyo?

Jibu: Anaweza. Mapema miaka ya 1930 mwanasaikolojia Alexander Luria aliwauliza wanakijiji wa Uzbekistan: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wasiosoma walisema waulizwe waliofika huko. Waliopata shule kidogo walijibu "weupe". Shule hutuzoesha kuyakubali maneno ya swali kama yalivyo. Babu anayapima kama shahidi, hasemi asichokiona. Mimi naliheshimu sana jibu lake.

Swali: Mbona uvumi nikiusikia mara ya tatu naanza kuuamini?

Jibu: Kauli uliyoizoea inaingia akilini kwa wepesi, na wepesi huo tunauchukua kuwa dalili ya ukweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1977 ulionyesha kwamba kauli zikirudiwa huaminiwa zaidi, hata zile za uongo. Waulize hao watatu waliokuambia waliipata wapi. Wote wakiwa wameitoa kwenye kundi moja la WhatsApp, umeisikia mara moja tu.