Muulize Mzamiaji: Potwe ndani ya wavu

Barua za mwezi huu zimenikuta Kilindoni, kisiwani Mafia. Kaskazi imeshaanza, potwe, papa wakubwa kuliko samaki wote, wameanza kusogea, na mimi nina mafua ya kushinda majini. Najibu nne.

*Shikamoo mjomba. Nina miaka 22, naishi Kigamboni. Mimi na wenzangu watatu tumechanga hela tuje Mafia Januari kuogelea na papa potwe. Mama amekataa katakata. Anasema samaki mkubwa kama basi atanimeza kama Nabii Yunus. Nimwambie nini? Halafu kuogelea kwenyewe najua kidogo tu.*
*Msomaji, Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Mwambie mama kwamba huyu hawezi hata akitaka. Mdomo wake hufunguka zaidi ya mita moja, ni kweli, na ukimwona anakujia ameachama unaweza kusahau shahada. Lakini koo lake ni jembamba, na meno yake, ambayo ni kama elfu tatu, ni punje punje tu, hayatafuni kitu. Chakula chake hapa kwetu ni uduvi, kama ule mama anaoununua sokoni. Anaachama, anavuta maji, maji yanatokea kwenye matamvua, uduvi unabaki ndani. Nabii Yunus alimezwa na mwingine.

Na hata hao papa wenye meno, mwaka 2024 rekodi za dunia nzima zilihesabu watu 47 walioumwa bila kuwachokoza. Bodaboda za Kigamboni sijui mama anazisemaje.

Cha kuogopa kwa potwe ni mkia. Mwaka nilioanza kazi hii nilimfuata mmoja kwa nyuma, nataka kumfurahisha mgeni mwenye kamera. Akakata kona. Mkia sikuuona ukija. Niliona vimulimuli, halafu nikaiona miwani yangu inazama taratibu kwenye maji ya kijani, inajigeuzageuza, mpaka ikapotea. Mbavu ziliniuma mpaka Ramadhani ikaisha. Mwenyewe hata hakujua kama amegonga kitu. Tangu siku hiyo wageni wangu wanakaa ubavuni, mita tatu kutoka mwilini na nne kutoka mkiani, hakuna kumshika wala kumwashia taa ya kamera machoni.

Januari ni wakati wake. Msimu wetu ni Oktoba mpaka Machi. Zamani tukisema kusi ikiingia wanahama, wengine wakiapa wanakwenda mpaka Bara Hindi. Watafiti wakawafunga vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vya kusikilizia chini ya bahari, na majibu yaliyotoka mwaka 2015 yakatuumbua: wengi walikuwa hapahapa mwaka mzima, ila wamejitenga na ufukwe na kushuka chini tusikowaona.

Kuogelea sasa. Kama unaweza kuelea dakika kumi bila kumshika mtu, vaa laifujaketi uje. Kama huwezi, kaa kwenye boti na usione haya. Maji ya Kilindoni wakati huo yamejaa uduvi, hayaonyeshi mbali, na anayehaha huwatia wenzake hofu kuliko papa yeyote. Na mtu akikuahidi kwamba potwe utamwona lazima, usimlipe.

*Assalamu alaykum kaka yangu. Mimi ni mpishi Mombasa, na mchuzi wa papa ndio ulionipa jina. Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi minne. Mwanangu amesoma kwamba papa ana sumu, amemkataza mkewe asiguse chungu changu. Ni kweli, au ni haya ya kututoa kwenye vyakula vyetu?*
*Msomaji, Mombasa*

Waalaykum salaam dada. Hapa mwanao yuko sawa. Papa huishi miaka mingi na hula samaki waliokula samaki, kwa hiyo zebaki iliyomo baharini humjaa mwilini kidogo kidogo. Chumvi haiitoi, jua haliitoi, kumloweka usiku kucha hakuitoi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wakae mbali na papa. Huyo mkaza mwana mpikie dagaa au vibua. Ile harufu inayokuchoma pua ukifungua ng'onda, papa mkavu wa chumvi, ni jambo jingine kabisa. Damu ya papa ina urea, na nyama ikikaa urea hiyo hugeuka amonia.

Mimi sikuandikii kukufungia chungu. Mama yangu alipika papa ng'onda kwa nazi na ukwaju, na nikisema nimeusahau mchuzi ule nitakuwa muongo. Ila fanya jambo moja kwa ajili yangu. Ukienda sokoni kesho, tazama urefu wa papa wanaoletwa, kisha ulinganishe na wale waliokuwa wakining'inizwa ulipokuwa msichana. Hawa wa urefu wa mkono ni watoto, dada. Mchuuzi akikwambia ni aina ndogo, mtazame tu.

*Bwana mzamiaji, jina usiliandike, unanijua. Juzi potwe ameingia kwenye wavu wangu na dagaa wamo. Nimemtoa mzima kama mnavyotaka. Wavu umechanika pima nne. Saa hiyohiyo boti yako ikapita na wageni sita, wananipiga picha. Wewe umelipwa, mimi nimeshona siku mbili. Huyo papa wenu mimi ananifaa nini?*
*Mvuvi, Mafia*

Nakujua, na wavu wako naujua. Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki nzima, sina jibu la kukutazama nalo usoni.

Nianze na nyumbani kwetu. Baba alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu wa papa, kisiwani Jibondo. Nilianza kwenda naye nikiwa darasa la tatu, kazi yangu kufua maji. Jarife tunalitega jioni, tunalivuta alfajiri. Siku ya heri walipanda papa saba, wanane, mpaka ukingo wa mashua unabusu maji. Alfajiri moja akapanda papa pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, jike, amekwisha kufa. Baba alipompasua pale mchangani, watoto wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamekamilika, zile nyundo zao laini zimekunjwa nyuma kama masikio ya mbuzi. Nikawahesabu kwa sauti, maana hesabu ndiyo kwanza zilikuwa zimeniingia. Ishirini na sita. Baba alinyamaza. Mapezi ya mama yao yakaenda kwa tajiri Dar, nyama tukaitia chumvi.

Miaka kumi baadaye, jarife lilelile, mwamba uleule, lilitoa papa wawili kwa wiki, kisha mmoja, kisha samaki taa na takataka. Hakuna ofisa aliyekuja kumkataza baba. Aliacha mwenyewe kwa sababu mafuta hayakurudi. Wengine huko kusini na Tanga wakaendelea kutega, chini zaidi na zaidi, na kuanzia mwaka 2003 pale Songo Mnara, Kilwa, majarife ya papa yakawa yanapandisha silikanti, samaki wa vilindini ambaye hata wazee hawakuwa na jina lake. Tanga ikapata hifadhi ya silikanti mwaka 2009. Papa waliokuwa wakitafutwa hawakupata hifadhi ya jina lao.

Nakusimulia haya kwa sababu nilipoanza kuwatetea papa ulinicheka, ukasema mtoto wa jarife ameokoka. Sikuokoka. Nimeona mwisho wake, nikiwa nimeshika ndoo ya kufulia maji. Utafiti uliotoka 2024 ulikadiria kwamba kwa mwaka 2019 peke yake uvuvi uliua papa wasiopungua milioni 80 duniani. Mimi na baba tumo kwenye hesabu kama hizo.

Potwe ndiye mbaya zaidi wa kumpoteza. Dagaa wako ukiwavua mwezi huu, mwezi ujao wapo. Potwe hukawia miaka mingi sana kabla ya kuzaa, na wengi wanaokuja hapa Kilindoni ni vijana wa kiume ambao hawajabalehe, wamejaa kama kijiwe cha kahawa. Tangu 2016 wanasayansi wamemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na mwaka 2017 akaingizwa kwenye mkataba wa wanyama wanaohamahama, ambao nchi wanachama wake, yetu ikiwemo, zinatakiwa zizuie asivuliwe. Hizo ni karatasi. Baharini usiku ni wewe na yeye, na wewe ulimtoa.

Kwa hiyo fedha. Hapo sina utetezi. Eneo wanakojilisha potwe liko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, wageni wanatulipa sisi wenye boti, na anayegharimika kwa kuwaacha hai ni mwenye wavu. Mtu yeyote anayezungumzia kulinda papa halafu akaruka hapo, mimi simsikilizi siku hizi, hata akiwa na makala tano. Nilichoanza msimu huu ni hiki: mvuvi akinipigia simu kwamba potwe yuko mahali fulani, nampa elfu kumi na tano kabla mgeni hajalowa. Ni kidogo, najua, na wenzangu wawili tu wamenifuata. Na wageni wangu hawampigi tena picha mtu anayehangaika na wavu.

Akiingia tena usimfunge mkia ukamburuza. Nimemwona mmoja aliyefanyiwa hivyo, kamba imemla mpaka nyama nyeupe. Zima injini. Watu wawili waikalie kamba ya maboya upande ule alikoelekeza kichwa, mpaka izame kama pima moja, kisha mtulie. Atatoka. Dagaa kiasi watatoka naye, sikudanganyi. Bunda la nyuzi nimeliacha kwa muuza vocha pale gatini. Lina jina lako, lile la utani.

*Kaka, niko Maskati kikazi. Nilikwenda visiwa vya Daymaniyat nikampiga potwe picha kwa simu. Picha hii ina kazi yoyote?*
*Msomaji, Oman*

Inayo, kama ulimpata ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa yale hayafanani kwa potwe wawili. Watu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mungu alimpenda mno akammwagia sarafu mgongoni. Kompyuta inayolinganisha madoa hayo inatumia hesabu iliyobuniwa kwa wanajimu wa kutambua nyota angani. Mpelekee picha mwenye boti aliyekubeba, pamoja na tarehe na mahali. Wengi wao wanajua pa kuituma.

Kwa njia hiyo, hapa Mafia wameshatambuliwa potwe zaidi ya mia. Yule aliyenipiga mkia ana madoa matatu yaliyoungana karibu na pezi, kama mafiga. Wiki iliyopita amerudi. Nilikaa ubavuni.