Wadogo zangu wa tarumbeta, hesabuni kimya cha Sibelius

Alhamisi okestra yetu huku Ufini imeanza mazoezi ya Simfonia ya Tano ya Sibelius, mtunzi wa muziki wa nchi hii, na kwenye vyombo vya shaba kuna sura mpya tatu. Mbili ni za nyumbani kabisa, vijana wa bendi za tarumbeta za kanisani kama nilivyokuwa mimi. Nilifurahi mpaka kahawa ikanipoa. Halafu tukafika ukurasa wa mwisho, nikawaona wanafanya kila nilichowahi kufanya, tena kwa mpangilio uleule. Kaeni chini.

1. Angalieni toleo. Simfonia hii ilipigwa mara ya kwanza Helsinki tarehe 8 Desemba 1915, siku Sibelius alipotimiza miaka 50, mwenyewe akiongoza. Hakuridhika. Akaifumua mwaka 1916, akaifumua tena 1919, na hiyo ya 1919 ndiyo iliyo kwenye stendi zenu za nota. Sasa, ile ya 1915 nayo imerekodiwa, na dada mmoja wa selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, aliwahi kufanyia mazoezi rekodi hiyo wiki mbili nzima. Ile ina sehemu nne, yetu ina tatu. Alikuja amekasirika, akidhani sisi ndio tuliopotea.

2. Penseli, si peni. Karatasi za nota ni za kukodi.

3. Batamaji. Kila mgeni ameshasimuliwa kwamba tarehe 21 Aprili 1915 Sibelius aliona batamaji 16 wakizunguka angani, na kwamba ndio hao wanaosikika kwenye honi, zile tarumbeta za kujiviringisha, katika sehemu ya mwisho. Basi kila mwenye honi anataka kuruka nao. Wale ndege walikuwa wanapita zao tu, jamani. Punguzeni.

4. Kimya. Hapa nitakaa.

Simfonia inaisha kwa vishindo sita vya okestra nzima, na kati ya kishindo na kishindo hakuna kitu. Hakuna fidla inayotetema, hakuna ngoma ya timpani inayonguruma. Nanyi mnazijua bendi zetu: ubeti ukiisha, waimbaji wakivuta pumzi, mtu wa tromboni anatia nota mbili tatu za kuvukia. Kimya kwetu ni shimo barabarani, na mwenye tromboni ndiye mwenye koleo. Nimefukia mashimo ya namna hiyo tangu nina miaka 14, Pasaka, harusi, mazishi.

Msimu wangu wa kwanza huku Ufini, ukumbi umejaa, mke wangu yuko safu ya tatu na koti jipya. Kishindo cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu kikapita, nami nikavuta pumzi palepale. Kosa lilizaliwa hapo, na ndilo nililoliona likizaliwa upya Alhamisi: ukishajaza mapafu, hewa haisubiri hesabu. Kwani nilikuwa nahesabu? Nilikuwa namtegea jirani yangu, mzee wa tromboni ya tatu. Nikaona bega lake limepanda, nikapuliza.

Kumbe alikuwa anaweka miwani sawa.

Nota moja, kwa nguvu zote, peke yangu. Na ukumbi ule una mwangwi mzuri sana.

Nyumbani wangenicheka mpaka pilau iishe, na jina la utani ningepewa juu yake. Hapa hakuna aliyecheka wala kugeuza shingo. Vishindo vitatu vilivyobaki vikapigwa, watu wakapiga makofi, tukainama. Kwenye kahawa kiongozi wa okestra akanijazia kikombe, akasema neno moja tu: hutokea. Garini mke wangu akaniambia mwisho ule ameupenda, hasa pale nilipopewa nafasi ya peke yangu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Katika toleo la 1915 fidla zinatetema chini ya vishindo vile. Shimo tayari limefukiwa. Sibelius mwenyewe ndiye aliyeziondoa. Mtu anarudi kwenye kazi yake tena na tena mpaka anapata ujasiri wa kuacha patupu, nami nikaja na koleo langu la bendi ya kanisani. Nilijifariji kwamba naye mwaka 1891 alijaribu kuingia okestra ya Vienna kama mpiga fidla wakamkataa. Haikusaidia. Yeye alikataliwa mapema, kabla ya watu kununua tiketi.

Pumzi: pigo moja kabla ya kuingia, si zaidi.

5. Kiangazi pandeni treni mpaka Järvenpää mkaione Ainola, nyumba aliyoishi tangu 1904 mpaka alipofariki mwaka 1957. Alipokuwa hai hakukubali mabomba ya maji yaingizwe ndani, asisumbuliwe na kelele zake, na hapo aliishi na mkewe Aino na mabinti. Hebu fikirieni zamu za ndoo. Chumba cha kulia kuna meko kubwa ya kijani. Miaka ya 1940 alichoma humo karatasi nyingi, na inaaminika Simfonia ya Nane, iliyosubiriwa na dunia nzima, ilikuwa miongoni mwake. Nilisimama mbele ya meko ile muda mrefu kuliko wageni wengine. Konseti yetu ile ya nota yangu ilirekodiwa, na diski ipo kwenye kabati la okestra mpaka leo. Sikuthubutu kuwauliza wahudumu kama meko bado inawashwa.