Shemeji anataka nimdhamini, namwomba Mungu, sisikii jibu

Dada, unasema umeomba siku tatu kama usaini udhamini wa mkopo wa bodaboda wa shemeji yako, na Mungu kanyamaza. Yakobo 1:5 inatuambia tuombe hekima, sawa. Ila hili limeshajibiwa: Mithali 22:26-27 inaonya wanaodhamini madeni ya watu, kwamba ukikosa cha kulipa watakunyang'anya hadi kitanda unacholalia. Kitanda, dada! Muulize shemeji marejesho ya wiki ni kiasi gani, na siku pikipiki ikilala gereji atalipa na nini. Akinuna kwa swali hilo tu, usisaini. Roho ikikusuta, mchangie kianzio, hela ambayo hata isiporudi utapika kesho. Halafu, mumeo anajua haya?