Nagana inayorudi baada ya sindano

Ndugu yetu wa Monduli, umeuliza kwa nini ng'ombe wako hupona nagana (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) kisha homa inarudi, na kama kuna chanjo.

Chanjo hakuna. Kimelea wa nagana huvaa koti la protini, na ana jeni zaidi ya 2,000 za makoti. Jeni inayotumika hukaa kwenye ncha ya kromosomu, yaani uzi unaobeba jeni. Hapo protini ya RAP1 husaidia kuzifunga nyingine, moja tu ibaki wazi. Kinga ikishalijua koti hilo, tayari vimelea wachache wamebadilisha koti.

Pima uzito kwa utepe kifuani, tafadhali usikisie. Diminazini, dawa ya nagana, ni miligramu 3.5 kwa kilo, msulini. Kupunja dozi huzaa usugu. Homa ikirudi, kabla hujachoma tena, daktari wa mifugo apime damu ya sikioni. Huenda ni ndigana, ugonjwa wa kupe.