Uliza Dada wa Ofisi: Mchoraji mmoja, faili tatu, asilimia 160

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi niko Arusha, Njiro, ofisi yetu ni ya wahandisi washauri, tuko tisa, tunafanya visima, barabara za mitaa na majengo ya shule. Mwaka jana tulinunua Microsoft Project, programu ya kupanga miradi, na mimi ndo nikatupiwa kuisimamia. Sasa tuna mchoraji mmoja tu wa AutoCAD (michoro ya kompyuta), kila faili la mradi nikifungua naona yuko sawa kabisa hana hata rangi nyekundu ya kuzidiwa na kazi, ila mwenyewe analalamika amechoka na michoro inachelewa kila wiki. Bosi naye anataka ripoti ionyeshe kila mtu yuko asilimia 100, anasema mwenye 70 anakula mshahara wa bure. Juzi nikabonyeza Level All, kile kitufe cha kusawazisha kazi, mradi wa kisima uliokuwa unaisha Juni ukaruka mpaka Agosti, nikafunga laptop nikaenda kunywa chai. Nimekosea wapi?

JIBU: Kaka, chai ulifanya la maana, naomba tu Mungu hukusevu.

Twende kwa mchoraji kwanza maana huyo ndo anaumia. Kila faili la Project linajua mambo yake tu, halijui jirani anafanya nini. Mtu kwenye faili la kisima umempa asilimia 60 ya muda wake, la barabara 50, la shule 50, kila faili linaangalia Max Units yake, yaani kikomo cha mtu, ya 100 linaona poa, hamna nyekundu. Zijumlishe wewe mwenyewe kwa kidole: 160. Yaani kwa wiki ya saa 40 mmempangia saa 64, na hapo hajaitwa kurekebisha printa. Alafu hebu chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida mwisho ni 45 kwa wiki na ovataimu isizidi saa 50 kwa kila wiki nne. 64 toa 45 ni 19, mara wiki nne ni 76. Kwahiyo huo mpango wenu sio kwamba unamchosha tu, hata mkimlipa ovataimu yote bado mmevuka sheria, mwambie bosi hilo kabla hajaanza habari za mshahara wa bure.

Dawa yake ni faili moja la watu. Fungua faili jipya usiweke kazi yoyote, orodhesha watu wote tisa, lisevu, liache wazi, alafu fungua kila mradi nenda Resource Pool chagua Share Resources uliunganishe na lile faili la watu. Ukimaliza, nyekundu itatokea mpaka uogope, usiogope, ilikuwepo siku zote ilikuwa imejificha tu. Angalia kitu kimoja, majina. Kama kisima kimeandikwa "Mchoraji" na shule imeandikwa "Mchoraji CAD", programu inaona ni watu wawili na utarudi kulekule. Na kingine, ukimpa mtu kazi bila kuandika asilimia, Project inamwekea 100 yenyewe, so kagua vizuri, unaweza ukakuta mtu wa nusu saa kwa siku amefungiwa siku nzima wiki mbili.

Sasa bosi. Neno yutilaizesheni, yaani asilimia ya muda wa mtu inayokwenda kwenye kazi, wengi wanalitaja bila kuuliza asilimia ngapi ya NINI. Hebu tupige hesabu ya mtu mmoja. Mwaka una siku za kazi 260 Jumatatu mpaka Ijumaa, mara saa 8 unapata 2,080. Toa likizo, sheria inasema siku 28 mfululizo, hizo ni wiki nne yaani siku 20 za kazi. Toa sikukuu, chukulia 12 zimeangukia katikati ya wiki. Toa siku 5 za malaria, msiba, shule ya mtoto. Zinabaki 223, saa 1,784. Hiyo ndo kapasiti ya huyo mtu, sio 2,080. Alafu kila siku toa saa moja na nusu ya vikao, simu, kuandaa makadirio ya tenda ambazo hata hamjapata, unabaki na kama 1,450 za kazi ya mteja. Ukigawanya kwa 1,784 unapata 81, ukigawanya kwa 2,080 unapata 70. Umeona? Ni mtu yuleyule, jasho lilelile. Yule wa 70 anayesemwa anakula bure inawezekana kabisa kajaa mpaka shingoni, ni bosi anagawanya kwa namba ya mtu asiyeugua wala kufiwa.

Na hizo sikukuu lazima uziingize kwa mkono kwenye kalenda ya programu, ile kalenda ya kawaida inayokuja nayo haijui Nane Nane wala Nyerere Dei, na Idd mnaijua inavyosubiri mwezi, mimi huwa naacha siku moja ya ziada pale. Kwenu huku kaskazini ongeza na Disemba. Kuanzia tarehe 20 hivi hata kama ofisi iko wazi, nusu ya watu wameshapanda Rombo na Machame kwao, ukipanga michoro wiki ile unajidanganya.

Kuhusu kumjaza mtu mpaka 100 hata kama ingewezekana, mfikirie fundi cherehani wiki ya Krismasi. Kuna hesabu ya foleni, ile ya kazi zinazokuja bila ratiba kwa mhudumu mmoja: akiwa amejaa asilimia 80, kazi mpya inasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuifanya, akifika 90 inasubiri mara 9, akifika 95 mara 19. Ndo maana mchoro wa siku moja unatoka baada ya wiki mbili na kila mtu anamuona mchoraji mvivu. Mpange 75 mpaka 80 ya kapasiti yake ya kweli, basi.

Level All yenyewe haikukosea. Haitafuti mtu mwingine wa kumpa kazi, kazi yake ni kusogeza tarehe mbele mpaka msongamano uishe, na kwenye faili la kisima lazima kulikuwa na msongamano wa kweli wa mtu mwingine, maana mchoraji pale haonekani mwekundu. Rudisha tarehe za mwanzo kwa kitufe cha Clear Leveling, alafu ukitaka kujaribu tena weka tiki kwenye chaguo la kusawazisha ndani ya nafasi iliyopo tu ili tarehe ya mwisho isiguswe. Kitakachobaki chekundu baada ya hapo hakina tiba ya kompyuta, ni mazungumzo: mumwajiri mchoraji wa muda, au mteja wa shule asubiri.

SWALI: Mwanangu, mimi nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, Moshi. Kijana wangu kaniwekea programu ya kupanga magaidi inataka asilimia na masaa. Gaidi akiwa Machame siku saba naandika asilimia ngapi? Na hawa wa kuitwa msimu tu nao niwaweke?

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza naomba ndani ya kompyuta uandike "waongozaji", siku faili likifika kwa watu wa usalama tusianze kuelezana.

Mlima hauna asilimia mama. Mtu akishapita geti ni 100 mpaka ashuke, hata akiwa amelala hemani huwezi kumtuma Arusha kupokea wageni. Badilisha kipimo kiwe siku badala ya saa, na kalenda yake iwe ya siku saba kwa wiki, maana ile ya kawaida ikikuta Jumamosi inaruka, utaona safari ya siku saba imekuwa ya tisa. Akishuka mfungie siku mbili tatu za kupumzika kama kazi kamili yenye jina, usiache peupe, ukiacha peupe kuna mtu ofisini atamuweka kundi la kesho.

Wa msimu usiwaandike kwa majina mapema. Tengeneza mstari mmoja "mwongozaji wa nje" upe uzito wa asilimia 600, maana yake una sita wa kuita, na wageni wakilipa ndo unabadilisha kuwa jina la mtu. Anayejua Kijerumani muweke mstari wake peke yake, maana unaweza kuwa na kumi wamekaa bure na kundi likakwama kwa kumkosa huyo mmoja. Na usikubali ripoti ya wastani wa mwaka. Aprili na Mei mvua inanyesha watu wako nyumbani, Julai mpaka Septemba hata wa jirani unaazima, ukichanganya unapata namba nzuri isiyokuwepo mwezi wowote.

SWALI: Wafanyakazi wangu wanane wote wanajaza timesheet (fomu ya saa walizofanya kazi) saa 8 kila siku, mwezi mzima, hakuna hata 7 na nusu. Wananidanganya? (Sakina, Arusha)

JIBU: Ndio. Na nadhani unajua lini walianza, ni ile wiki uliyomwita mmoja ofisini ukamuuliza kwanini ana saa 6. Futa hizo za miezi iliyopita usipangie kitu, anza upya, na Jumatatu weka ya kwako ukutani kwanza, na zile saa mbili za benki uziandike.