Umeiboresha Besi, au Umeikoleza?

Swali: Mimi ni prodyuza, studio yangu iko Mwanjelwa, Mbeya. Kuna plagini, yaani programu ndogo za kompyuta za kuchakata sauti, tunazotumia kuzalisha hamoniki kwenye besi ili wimbo usikike vizuri hata kwenye simu. Wenzangu husema "nimeboresha besi", wengine "nimeongeza besi". Kipi ni Kiswahili sahihi?

Jibu: "Kuongeza" nitalirudia. Kwanza niachie hili "kuboresha", maana linanikera miaka mingi. Kisarufi halina kosa: bora, boresha. Lakini siku hizi barabara inaboreshwa, choo cha soko kinaboreshwa, mtaala unaboreshwa, na sasa besi. Neno hili linatoa hukumu bila kusimulia kazi. Anayelisema amejisifu kabla hatujasikiliza, na hajatuambia alichofanya.

Tuchukue chai, kwa kuwa sisi wa nyanda hizi tunaijua tangu shambani, Rungwe kwenu na Mufindi kwetu. Mgeni amekunywa, akasema chai hii nyepesi. Ukimjazia kikombe, umemwongezea chai: imekuwa nyingi, wepesi ni ule ule. Ukiirudisha jikoni, ukatia majani, ikachemka hadi ikaiva rangi, umeikoleza. Kikombe hakikukua, ladha ndiyo iliyoshika. Sasa njoo na sinia useme "nimeiboresha". Umetia tangawizi? Sukari? Maziwa? Au umebadilisha kikombe tu? Mgeni atalazimika kuonja ndipo ajue ulichosema. Neno linalosubiri kuonjwa ndipo lieleweke halijafanya kazi yake, na mimi silitaki jikoni wala studio.

Plagini yako inafanya kazi ya yale majani. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu ni kidogo mno kuisukuma hewa kwa sauti ya chini namna hiyo, kwa hiyo haitoki. Ukiipandisha kwa ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sauti nzito au nyembamba, sabufa itatikisa madirisha, simu itabaki vile vile. Plagini huzalisha hamoniki, yaani sauti zilizo juu yake mara mbili, mara tatu, mara nne: 82, 123, 164 na kuendelea, na kadiri zinavyopanda ndivyo simu inavyozimudu. Sikio linakuta pengo la 41 kati ya kila moja na inayofuata, na ubongo unaisikia ile 41 ambayo spika haikuitoa. Huo ndio uzuri wa jambo lenyewe, na "kuboresha" linaufukia wote.

Kwa hiyo besi yako haikuongezeka, imekolea. Chumvi hukolea, rangi hukolea, moto hukolezwa, na ngoma ikipamba moto wachezaji wenyewe husema imekolea. Neno lilishaingia kwenye muziki kabla ya kompyuta. Wanaosema "nimeongeza" wamekosea kidogo tu: kilichoongezwa ni hamoniki, na ukisema "nimeongeza hamoniki" sina ugomvi nawe.

Besi lenyewe tumelipokea kwa Waingereza, na chimbuko lake ni maana ya "chini". Tunayo "sauti nzito", lakini besi limeshakuwa mwenyeji, liacheni. Vivyo hivyo plagini. Kitabuni andika "programu-jalizi"; studio, msanii akiwa mbele ya maiki na saa inahesabiwa, simlazimishi mtu.

Ukipandisha kwa ikwalaiza, sema umeipandisha au umeikuza. Ukipunguza gitaa na kinanda vilivyokuwa vikiifunika, sema umeipa nafasi. Ukiipitisha kwenye plagini ya hamoniki, sema umeikoleza. Na ukizidisha mpaka spika ikaanza kukwaruza, imekolea kupita kiasi kama mboga iliyomwagikiwa chumvi. Punguza, kisha isikilize tena kwenye simu.